Seremala hakosei pande zote sawasawa

Kile kipande cha mti kilikuwa chini ya meza, kimeegemea ndoo ya misumari yenye kutu. Ilikuwa Jumamosi, kwenye mnada wa vitu vya zamani katika vilima vya mashariki ya Sacramento, California, jimbo la Marekani ambalo watu walilivamia kwa ajili ya dhahabu kuanzia mwaka 1848. Muuzaji aliniambia ni pambo la kutundika ukutani. Kilikuwa na kitovu kinene cha mviringo katikati, na kutoka hapo mikono miwili iliyopinda, mmoja ukienda huku na mwingine kule, kama herufi S. Kilipakwa rangi nyeusi, na uzito wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia.

Nilikigeuza nikaangalia maungio, nikasahau kupatana bei. Kitovu kile hakikuchongwa kutoka gogo moja. Kilijengwa kwa vipande vifupi vya mbao vilivyopangwa duara juu ya duara, na kila ungio la duara la juu lilikaa katikati ya kipande cha chini, kama mwashi anavyopishanisha matofali. Hiyo ni kazi ya mtu aliyejua kwamba mbao moja nene itajikunja na kupasuka, lakini vipande vidogo vikifungana hushikiliana miaka na miaka. Nililipa dola 40.

Mimi ni mtoto wa seremala. Baba yangu alikuwa na karakana Tabora, akitengeneza milango na vitanda vya mninga, na kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kufagia maranda. Sasa ninaishi Sacramento, nafunga makabati ya jikoni kwenye nyumba za watu. Kwa hiyo niliamini kwamba kitu chochote cha mti nitakijua ndani ya wiki moja. Kilinichukua miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa sababu nilipima vizuri nikaelewa vibaya.

Kosa la kwanza nalieleza kwanza kwa sababu ndilo lisilorekebishika. Nilikifikisha nyumbani nikakiosha. Nilichukua kitambaa na maji ya uvuguvugu nikaanza kusugua uchafu. Kwenye pembe ambapo mkono unaungana na kitovu kulikuwa na ukanda mwembamba wa ngozi, umebandikwa kwa ndani ili pembe isiwe kali. Ulilainika mkononi mwangu, ukabanduka, ukaning'inia. Gundi ile ilikuwa ya zamani, ya kuchemsha ngozi na mifupa, na gundi hiyo hulainika ikikutana na maji ya uvuguvugu. Nikaacha, lakini nilikuwa nimeshapita upande mmoja wa kitovu, na pale palikuwa na maandishi ya penseli. Kwenye kitambaa changu kulikuwa na weusi, na kwenye mti ilibaki herufi moja tu, L. Kilichofuata baada ya hiyo L, iwe namba au jina, nilikifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo sioshi kitu. Naangalia kwa tochi iliyolazwa ubavuni, napiga picha, kisha naangalia tena. Kwa tochi ndipo nilipoziona chembe za mchanga zilizokwama kwenye rangi, ndogo kama sukari, hasa chini ya mikono. Nikaanza kujiuliza kitu cha mbao kilichotengenezwa kwa uangalifu kiasi hicho kilikuwa kinafanya nini mchangani.

Jumapili moja nilimpigia baba kwa video.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Hebu geuza huo mti niuone ubavuni.”

Nikaugeuza. Akanyamaza kitambo, akisogeza simu karibu na macho.

“Pima kitovu juu. Halafu pima chini.”

Juu palikuwa pembamba kuliko chini, kwa tofauti ya milimita moja na nusu hivi. Nikamwambia labda mti umekauka vibaya. Akaniagiza nipime mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Kote mbavu hazikusimama wima, zililala kidogo kuelekea upande uleule, kwa kipimo kilekile.

“Basi huyo hakukosea,” akasema. “Seremala hakosei pande zote sawasawa. Alitaka iwe hivyo. Wewe tafuta sababu.”

Sababu yake mtoto yeyote aliyecheza ufukweni anaijua bila kuambiwa. Ukijaza mchanga kwenye ndoo ukaipindua, mchanga unatoka mzima kwa sababu ndoo imepanuka mdomoni. Ndoo ingekuwa na mbavu zilizosimama wima, mchanga ungemomonyoka. Kile nilichonunua kilikuwa kiolezo, yaani umbo la mbao linalozikwa kwenye mchanga wenye unyevu na udongo, mchanga ukashindiliwa, kisha umbo likavutwa nje taratibu ili liache shimo la sura yake. Shimo hilo ndilo kalibu. Humo humiminwa chuma kilichoyeyuka, kazi iitwayo kusubu. Ule mlalo mdogo wa mbavu ndio unaoliwezesha umbo kutoka bila kubomoa kuta za mchanga. Na ule ukanda wa ngozi nilioubandua ulikuwepo kwa sababu chuma cha kusubu kikipoa kwenye pembe kali hupasuka papo hapo. Pembe ikilainishwa, chuma kinapona. Nilikuwa nimebandua kitu kilichokuwa kinazuia mashine kuvunjika.

Sasa nilijua ni kiolezo. Cha nini? Hapo ndipo nilipotea muda mrefu.

Kitovu kilikuwa na nundu fupi ya mviringo kila upande, zote mbili za unene mmoja. Niliamini ni ncha za ekseli. Nikapekua katalogi za zamani za mashine, zile zilizopigwa picha na kuwekwa kwenye maktaba za mtandaoni, nikitafuta kitu chenye mikono miwili na ekseli iliyotokeza. Sikuona. Nikatafuta kwa vipimo: kutoka ncha ya mkono mmoja hadi ncha ya mwingine inchi 24 na 1/4, upana wa kitovu inchi 12 na 1/8. Hakuna katalogi iliyokuwa na kitu cha vipimo hivyo. Nilisoma usiku baada ya usiku, nikajaza daftari zima majina ya mashine ambazo hazikuwa zenyewe.

Nilichopaswa kufanya mapema ni kwenda mahali ambapo kazi ile ilifanyika. Mji wa Sutter Creek, kaunti ya Amador, uko mwendo wa kama saa moja kutoka kwangu. Pale ipo Knight Foundry, kiwanda cha kusubu chuma kilichoanzishwa mwaka 1873 ili kuhudumia migodi ya dhahabu na biashara ya mbao. Ni kiwanda cha mwisho katika California cha kusubu na kukereza chuma kwa nguvu ya maji. Gurudumu la maji la inchi 42 ndilo linalozungusha shafti kuu inayopita juu, chini ya dari, na kutoka kwenye shafti hiyo mikanda ya ngozi inashuka kwenye mashine moja moja. Mashine nyingine zina mota zake ndogo, nazo za maji.

Nilipoingia ilibidi nisimame mlangoni mpaka macho yazoee. Sakafu ni mchanga na vumbi jeusi, ukuta umejaa masizi ya miaka mingi, na harufu ni ya mafuta yaliyoganda. Nilifikiri nitaona chuma tu. Nikaona mbao. Violezo vimerundikwa kwenye rafu, magurudumu ya meno, mapuli, mabomba yaliyopinda, vitovu kwa vitovu, vyote vya mti. Kila kitu cha chuma kilichotoka mahali pale kilipita kwanza mikononi mwa seremala. Samuel Knight mwenyewe, aliyeupa mtambo jina lake, alikuwa seremala wa meli kutoka jimbo la Maine.

Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kutengeneza violezo alikuwa pale siku hiyo akiwaeleza wageni. Nilimwonyesha picha kwenye simu pamoja na vipimo vyangu. Hakutazama picha kwa muda mrefu. Aliniuliza nimepima kwa rula gani. Nikatoa futi yangu ya chuma mfukoni, ninayoitumia kazini kila siku. Yeye akatoa rula yake ya mti, ya manjano iliyokwajuka, akaiweka juu ya benchi ubavu kwa ubavu na ya kwangu, mianzo ikiwa imelingana. Kwenye inchi ya 1 sikuona tofauti. Kwenye ya 6 mistari ilikuwa imeanza kuachana. Kwenye ya 24, mstari wa rula yake ulikuwa umeipita ya kwangu kwa robo inchi kamili.

Nilisimama pale nikiziangalia zile rula mbili. Robo inchi ilikuwa ndiyo ile robo inchi yangu.

Chuma cha kusubu hunywea kikipoa. Kwa kila futi moja hupungua kama 1/8 ya inchi, karibu asilimia moja. Shaba nyekundu na nyeupe zina kunywea kwake, na chuma cha pua hunywea mara mbili ya chuma cha kusubu. Fundi wa violezo hawezi kukaa akipiga hesabu hiyo kwa kila mstari anaochora, kwa hiyo anatumia rula iliyonyooshwa tangu kiwandani. Anaposoma inchi 24 kwenye rula yake, kwa hakika mkononi ana inchi 24 na robo, na chuma kikishapoa kinarudi kwenye 24. Vipimo vyangu vyote vilikuwa sahihi kwa mti, na havikuwa vya mashine yoyote iliyowahi kuwapo. Kitovu cha 12 na 1/8 kilikuwa 12. Seremala yule alikuwa amepima barabara, na mimi nilitumia rula ya dunia nyingine kumsoma.

Zile nundu nazo mzee alizimaliza kwa sentensi moja: penye nundu kwenye mti, kwenye chuma pana tundu. Nundu huacha vishimo viwili kwenye mchanga, na ndani ya vishimo hivyo hulazwa kiini, yaani gogo la mchanga uliookwa ukawa mgumu. Chuma kinakizunguka kiini, kisha kiini kinavunjwa, tundu linabaki. Kiolezo hakifanani na kitu chake. Kinafanana na shimo la kitu chake, pamoja na maelezo ya namna ya kulichimba. Nimekuwa seremala zaidi ya miaka 20 na sikuwahi kuwaza kwamba mbao zinaweza kuwa na lugha ya namna hiyo.

Nilirudi kwenye katalogi nikiwa na inchi 24, inchi 12 na tundu katikati. Haikuchukua hata jioni moja. Ilikuwa kemu, ile inayonyanyua mchi kwenye kinu cha kusaga mawe ya dhahabu.

Neno letu la kinu na mchi linafaa hapa kuliko neno lolote la kigeni. Dhahabu ya vilima vile imejificha ndani ya jiwe jeupe la kwazi, na njia ya kuitoa ilikuwa kulitwanga jiwe mpaka liwe unga, unga ukapita na maji juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa zebaki, na zebaki ikaishika dhahabu. Kinu chenyewe ni sanduku zito la chuma. Juu yake imesimama michi mitano kwa safu, kila mmoja nondo ndefu yenye kichwa cha chuma chini, uzito wake ukifika ratili 1000, karibu kilo 450. Nyuma ya michi inapita shafti yenye kemu, na kila kemu ina mikono miwili, kwa hiyo kila shafti ikizunguka mara moja, mchi unanyanyuliwa na kuachiwa mara mbili. Mapigo kama 100 kwa dakika. Haianguki yote pamoja, bali inapokezana, ili jiwe lisirundikane upande mmoja. Aliyewahi kuona wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja kwa zamu bila michi kugongana ameshaielewa mashine hiyo.

Kwenye jumba la makumbusho la mji jirani wa Jackson nilisimama mbele ya mfano mdogo wa kinu hicho unaotembea. Nilitazama mkono wa kemu ukiteleza chini ya bangili iliyofungwa kwenye mchi. Mkono hauligusi bangili katikati, unaligusa pembeni, na kwa sababu hiyo mchi ukinyanyuka unajizungusha kidogo. Kila pigo linaangukia sehemu mpya ya kichwa, nacho kinalika sawasawa. Basi kemu inakaa ubavuni mwa mchi, na kwa kuwa michi imebanana, kemu nyingine inabidi ipite kushoto na nyingine kulia. Zipo za kushoto na za kulia, hazibadilishani.

L, yaani left kwa Kiingereza. Ya kushoto.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Furaha ilikuwepo, lakini niliifikiria zaidi ile namba au jina nililolifuta, ambalo huenda lingeniambia kiolezo kilitoka kiwanda gani. Kemu za aina hiyo zilisubiwa katika viwanda vingi vya ukanda ule, kuanzia Sutter Creek hadi Nevada City. Sasa naweza kusema kifaa ni nini, kinafanyaje kazi na seremala wake aliwaza nini. Kiwanda chake nimekipoteza mimi.

Baada ya hapo nilianza kusoma mambo yaliyokizunguka. Ramani za Sanborn, zilizochorwa kwa ajili ya kampuni za bima ya moto, zinaonyesha kila jengo la miji ile, la mbao kwa rangi ya manjano na la matofali kwa waridi. Unaweza kuliona jengo la tanuri na jengo la kutunzia violezo, na kuelewa kwa nini mwenye bima alitaka kujua umbali kati yake. Tanuri likiungua hujengwa jingine. Violezo vikiungua, kiwanda hakijui tena kutengeneza kitu chochote ambacho kimeshawahi kutengeneza.

Nilisoma pia magazeti ya zamani yaliyowekwa mtandaoni, na hadithi ya gurudumu la maji la Knight na lile la Lester Pelton, mvumbuzi mwingine wa magurudumu hayo. Mwaka 1883 mgodi ulioitwa Idaho, katika mji wa Grass Valley, California, uliyashindanisha magurudumu ya maji, na la Pelton likashinda kwa kutumia asilimia 90.2 ya nguvu ya maji. Lililofuata liliishia 76.5. La Knight lilikuwamo katika mashindano hayo, na halikushinda. Watu wengi wanaishia hapo. Mimi naona jambo jingine: magurudumu ya Knight yaliendelea kuzungusha baadhi ya mitambo ya kwanza ya umeme wa maji katika California, Utah na Oregon, na Knight alipofariki mwaka 1913, kiwanda aliwaachia wafanyakazi wake. Waliendelea nacho, mkono kwa mkono. Hata migodi ya dhahabu ilipoamriwa na serikali ya Marekani kusimama mwezi Oktoba 1942, kwa sababu ya vita, kiwanda kile hakikufa. Kilisubu chuma mpaka miaka ya 1990. Siku hizi kinamilikiwa na mji wenyewe.

Binamu yangu yuko Geita, kwenye mwalo wa kuchenjulia dhahabu, anasimamia karasha, mashine ya kusaga mawe. Nilimtumia video ya kile kinu cha michi. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake mipira ya chuma ilikuwa ikigonga ndani ya pipa kiasi cha kutosikika vizuri. Aliuliza swali moja tu: kile kichwa cha mchi kikilika, walikuwa wanapata wapi kingine? Yeye vipuri vikilika hukaa siku kadhaa bila kazi akingoja. Nikamwambia walikuwa na kiolezo rafuni, mtaa wa pili. Kichwa kikilika leo, kesho kingine kinamiminwa. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Hao walikuwa matajiri wa mbao.”

Mwezi uliopita nilinunua paini nyepesi ya huku, inayoitwa sugar pine, mbao iliyopendwa na mafundi wa violezo wa pwani ya magharibi kwa sababu nyuzi zake zimenyooka na haijikunji ovyo. Yule mzee wa Sutter Creek alinipa rula yake. Nilikataa mara mbili, mara ya tatu nikapokea kwa mikono miwili. Nimekata vipande vya kitovu, nimevipishanisha, na kila Jumapili baba anaangalia kupitia simu nikiranda, akinisimamisha kila ninapofanya haraka. Gundi nimetumia ileile ya kuchemsha, na pembeni nimeweka ukanda wa ngozi.

Ni kemu ya kulia. Kwenye kitovu nimeandika R kwa penseli, na chini yake, kwa moto ili isifutike, mwaka nilioitengeneza na jina la mji. Mtu atakayeikuta chini ya meza siku moja asidhani ni ya zamani, na asipate taabu ya kutafuta ilikotoka.